Kabla ya Kuwaita Wanawake kwenye Sayansi

Mwezi Juni 2012 Tume ya Ulaya ilizindua kampeni ya kuwavuta wasichana kwenye masomo ya sayansi, na ikaitanguliza kwa video fupi. Wanawake watatu wenye viatu vya visigino virefu wanaingia kwa madaha kama wako kwenye maonyesho ya mitindo; kijana wa kiume mwenye koti jeupe anaacha hadubini yake na kuwatazama; vipodozi vinapishana na chupa za maabara; na katika jina la kampeni, herufi moja imechorwa kama kijiti cha rangi ya mdomo. Wanasayansi waliishambulia, wengi wao wanawake, na baada ya siku chache ikaondolewa.

Kuicheka ni rahisi. Lakini dhana iliyoizaa haikuondolewa pamoja nayo, na unaikuta hata kwenye kampeni zenye adabu zaidi: sayansi iko sawa jinsi ilivyo, wanawake ndio hawajaipenda, basi tuwabembeleze. Ndiyo maana tuna matamasha, mashindano, fulana na hotuba za mwanamke mmoja aliyefanikiwa. Takwimu inayotajwa kila mara ni ile ya UNESCO, kwamba wanawake ni takriban theluthi moja tu ya watafiti duniani. Takwimu hiyo ni ya kweli na ni ya aibu. Ila inahesabu waliomo chumbani bila kusema kinachojadiliwa humo, na kwa maoni yangu mjadala wenyewe ndio uliowaacha wengi nje: swali la nani linachunguzwa, mwili wa nani unapimwa, chombo kikishatengenezwa anakabidhiwa nani. Anayejiona humo hahitaji kubembelezwa sana.

Tuanze na mwili, maana hapo ushahidi umejaa. Gari linapopimwa usalama, sanamu huketishwa kwenye kiti na gari likagongeshwa. Sanamu iliyotumika zaidi, Hybrid III, iliandaliwa Marekani katika miaka ya 1970 kwa vipimo vya mwanamume wa wastani: sentimita 175 hivi, kilo 78. Sanamu ya kike iliyofuata kimsingi ilikuwa ileile ya kiume iliyopunguzwa, yenye urefu wa takriban mita moja na nusu na uzito wa kilo 49 hivi, mwili mdogo kuliko wa karibu wanawake wazima wote. Mwanamke wa wastani hakuwepo. Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Virginia walichambua rekodi za ajali za Marekani wakakuta kwamba dereva mwanamke aliyefunga mkanda ana uwezekano wa kuumia vibaya unaozidi ule wa mwanamume kwa asilimia 47, ajali zikiwa zinalingana. Ikabidi kusubiri hadi 2022 ndipo timu ya Uswidi iliyoongozwa na Astrid Linder ilipoonyesha sanamu ya mwanamke wa wastani, ya sentimita 162 na kilo 62, kwa ajili ya ajali za kugongwa kwa nyuma. Sidhani kuna injinia hata mmoja aliyekaa akapanga kuwaumiza wanawake. Walichukua mwili uliokuwa karibu nao wakauhesabu kuwa wa kila mtu.

Kwenye dawa, nia ilikuwa njema zaidi na matokeo yakawa mabaya vilevile. Thalidomide iliingia sokoni Ujerumani Magharibi mwaka 1957, ikauzwa katika nchi nyingi kama dawa ya usingizi na ya kutuliza kichefuchefu cha ujauzito, na zaidi ya watoto 10,000 wakazaliwa na ulemavu. Marekani iliponea chupuchupu kwa sababu mkaguzi mmoja, Frances Kelsey, aligoma kuiidhinisha pasipo ushahidi wa kutosha, ingawa kampuni ilimsumbua kwa barua na simu. Somo lililopaswa kutolewa hapo ni kwamba dawa ipimwe vizuri kabla ya kumfikia mjamzito. Somo lililotolewa likawa jingine. Mwaka 1977 mamlaka ya chakula na dawa ya nchi hiyo ilielekeza kwamba wanawake wenye uwezo wa kushika mimba wasiingizwe kwenye hatua za mwanzo za majaribio ya dawa. Walilindwa dhidi ya majaribio, hawakulindwa dhidi ya dawa zenyewe. Hizo waliendelea kuandikiwa. Agizo hilo lilibatilishwa mwaka 1993.

Mwaka mmoja kabla, 1992, dawa ya usingizi iitwayo zolpidem ilikuwa imeidhinishwa huko huko Marekani kwa dozi ileile kwa wanawake na wanaume. Mwaka 2013 mamlaka hiyo hiyo ikaagiza dozi ya wanawake ipunguzwe nusu, kutoka miligramu 10 hadi 5, kwa kuwa miili yao huiondoa dawa hiyo polepole zaidi na asubuhi wanashika usukani ingali damuni. Kwa miaka 21, basi, jaribio lilikuwa likiendelea vitandani mwa wateja, na waliokuwa wakijaribiwa ndio waliokuwa wakilipa.

Najua jibu linalokuja hapa: sayansi ni sayansi, nguvu ya uvutano haina jinsia. Ni kweli, jiwe likiachiwa huanguka vilevile mbele ya yeyote. Lakini jiwe haliandiki ombi la fedha za utafiti. Kuna watu wanaoketi kuamua lipi lichunguzwe mwaka huu na lipi lisubiri, na watu hao wana miili, wana historia, wana mambo yanayowauma na yasiyowauma. Endometriosisi, hali ambayo tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi huota nje ya mfuko huo, inakadiriwa na Shirika la Afya Duniani kuwapata wanawake na wasichana milioni 190 hivi, karibu mmoja kati ya kila kumi walio katika umri wa kuzaa. Wengi hukaa na maumivu miaka kadhaa kabla ya kuambiwa wana nini, na mpaka leo haina tiba ya kuimaliza. Hakuna sheria ya maumbile iliyosema ichunguzwe kidogo. Maumivu ya hedhi yalionekana ya kawaida, na kitu kikishaonekana cha kawaida ni vigumu mtu kukiombea fedha.

Upande wa zana, makosa yanapigwa picha vizuri zaidi. Mwaka 2006 wafadhili wa Marekani, serikali yao ikiwemo, walitangaza dola milioni 16.4 kwa ajili ya pampu ya maji iliyounganishwa na bembea ya kuzunguka. Watoto wacheze, maji yapande kwenye tangi, mabango ya matangazo kwenye tangi yalipie matengenezo. Lengo lilikuwa pampu 4,000 katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kufikia 2010. Nani angepinga jambo tamu namna hiyo? Shida ni kwamba bembea ya kawaida ukiisukuma huendelea kuzunguka yenyewe, wakati hii ilikuwa imebeba uzito wa maji. Ukiacha kusukuma inasimama, na mtoto hachezi na kitu kinachomchosha hivyo. Wakabaki wanawake wazima wakiizungusha kwa mikono, baadhi yao wakiona haya kuonekana wakihangaika na mchezo wa watoto, na penginepo pampu ya zamani ya mkono ilikuwa imeshang'olewa kuipisha. Kufikia 2010 kampeni hiyo ya Marekani ilikuwa imekwama. Yeyote anayeteka maji kila siku angeulizwa mapema, angeyasema haya yote kwa dakika tano na bila posho.

Majiko nayo yana hadithi inayokaribiana, ila ya huzuni zaidi kwa sababu hatari yake ni kubwa. Zaidi ya watu bilioni mbili bado hupikia kuni, mkaa, samadi na nishati nyingine zenye moshi, na Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani ilichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Jiko banifu linaonekana kuwa jibu la wazi. Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walifuatilia kaya zilizopewa majiko hayo katika jimbo la Odisha, India, kwa hadi miaka minne. Mwaka wa kwanza moshi uliovutwa na wapishi ulipungua. Baada ya hapo faida ikayeyuka. Majiko hayakuwa yakitumika mara kwa mara, hayakutunzwa, na matumizi yakazidi kushuka. Maabara ilikuwa imepima moshi, na kwa kipimo hicho jiko lilifaulu. Ila mpishi ana vipimo vyake: muda, sufuria zinazoingia, nani atalizibua bomba la moshi. Hivyo havikuwemo kwenye karatasi ya maabara, na jiko likafeli huko.

Sasa kuna mfano mmoja ambao kila ninapoulizwa sayansi ikifika kwa watu inafananaje, ndio ninaourudia. Unaanza vibaya, vitani. Mwaka 1971 mamilioni ya wakimbizi wa Bangladesh waliingia India na kipindupindu kikaingia kambini pamoja nao. Huko Bangaon, dripu zilipokuwa zinaisha, daktari Dilip Mahalanabis aliamua kuchanganya glukosi, chumvi na maji kwenye madumu na kuwaacha ndugu wa wagonjwa wawanyweshe wenyewe. Vifo katika kambi hiyo vilishuka kutoka kiwango cha asilimia 30 hivi hadi chini ya asilimia 4. Haikuwa bahati. Tangu miaka ya 1960 ilishajulikana kwamba glukosi ikipita kwenye ukuta wa utumbo huvuta sodiamu iliyomo kwenye chumvi, na sodiamu huvuta maji. Mgonjwa wa kuhara anaweza kurudishiwa maji kwa mdomo ilimradi vitu hivyo viwe pamoja na kwa kiasi sahihi. Mwaka 1978 jarida la The Lancet liliandika kuwa huenda huo ndio ugunduzi muhimu kuliko yote ya tiba katika karne hiyo. Madaktari wengi hawakushtuka. Maji ya chumvi na sukari hayakuwa na heshima ya sindano.

Kuanzia 1980 BRAC, shirika lisilo la kiserikali la Bangladesh, lilijitwisha kazi ya kuipeleka elimu hiyo kwenye nyumba za vijijini nchini humo. Pakiti za kutosha hazikuwepo, kwa hiyo kipimo kikawa mkono wa mama: chumvi inayobanwa kwa vidole vitatu, konzi ya sukari guru, maji ya nusu lita hivi. Wafanyakazi wanawake walipita nyumba kwa nyumba wakifundisha kwa mazungumzo. Mchanganyiko waliokoroga akina mama ulichukuliwa sampuli na kupimwa maabara, kuona kama ni salama. Na hapa ndipo panaponivutia kuliko popote. Mfanyakazi hakulipwa kwa idadi ya nyumba alizopita. Mwezi mmoja hivi baadaye mtu mwingine alirudi kwenye baadhi ya nyumba hizo, akamuuliza mama maswali na kumwomba akoroge mbele yake. Mama akikumbuka vizuri, mfanyakazi alilipwa vizuri. Mama akisahau, malipo yalishuka. Yaani aliyekuwa akifanyiwa mtihani ni mwalimu, na aliyekuwa akisahihisha, bila kujua, ni mama wa kijijini ambaye pengine hakuwahi kuingia darasani.

Hata hivyo mpango ulikwama mwanzoni. Akina mama walikumbuka kila kitu, ila wachache ndio waliotumia mwanae alipoharisha. Ingekuwa rahisi kuandika ripoti kwamba jamii ina mila potofu, na ripoti za aina hiyo tumezisoma za kutosha. BRAC ilikwenda kuchunguza ikakuta mambo mawili. Kwanza, wafanyakazi wenyewe hawakuwa wanaamini: wao wakiharisha walimeza vidonge. Wakapelekwa Dhaka, kwenye kituo cha utafiti wa magonjwa ya kuhara, wakaonyeshwa wagonjwa na wakaelezwa jinsi inavyofanya kazi, utumbo na sodiamu na yote, kama watu wazima wenye akili. Pili, hakuna aliyekuwa amezungumza na wanaume. Waume na wakwe walisikia kuna mgeni anapita akifundisha wake zao kitu wasichokijua, na wakakipinga au wakakipuuza. Wakaanza kufuatwa sokoni na misikitini. Matumizi yakapanda. Hadi mpango ulipofika ukingoni mwaka 1990, nyumba zaidi ya milioni 12 zilikuwa zimefikiwa.

Nimekaa hapo muda mrefu kwa makusudi, kwa sababu mfano huo unaharibu mawazo mawili ya haraka. La kwanza ni kwamba kuileta sayansi kwa watu ni kuipunguza ukali. BRAC haikupunguza kitu; kiasi cha chumvi kikizidi mtoto anaweza kudhurika, na walilijua hilo, ndiyo maana walipima. La pili ni kwamba kuwaweka wanawake mbele maana yake ni kuwaacha wanaume nje.

Wangari Maathai alifika mahali panapofanana kwa njia nyingine. Alikuwa na shahada ya uzamivu katika anatomia ya mifugo, na angeweza kabisa kubaki maabara. Akawasikiliza wanawake wa vijijini Kenya wakieleza shida zao: kuni ziko mbali, maji yamepungua, lishe imekuwa duni. Mwaka 1977 akaanzisha Vuguvugu la Ukanda wa Kijani. Maafisa misitu walishangaa kwamba watu wasio na stashahada wangeotesha miche, naye aliwapa wanawake hao jina la maafisa misitu wasio na stashahada. Walilipwa fedha kidogo kwa kila mche, lakini kwa sharti la mche huo kushika na kuishi. Alipopewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004, miti iliyopandwa ilikuwa imepita milioni 30. Tofauti kati ya kulipia mche uliopandwa na kulipia mche ulio hai ni ndogo kwenye karatasi, na ndiyo inayotenganisha msitu na picha ya mgeni rasmi akiwa na koleo.

Kuna mfano unaopingana kidogo na ninayoyasema, na sioni sababu ya kuuficha. M-Pesa ilipozinduliwa Kenya mwaka 2007 haikuwa mradi wa wanawake. Lakini uchambuzi wa Tavneet Suri na William Jack, uliochapishwa mwaka 2016, ulikadiria kwamba huduma hiyo ilizitoa kaya 194,000 kwenye umaskini, na kwamba wanawake 185,000 hivi walihama kutoka kutegemea kilimo na kuingia kwenye biashara. Kwa hiyo inawezekana teknolojia ikawafaa wanawake bila kuwalenga. Ninavyoielewa mimi, ilifaulu kwa sababu iliingia mahali panapouma: nani anashika fedha nyumbani, nani anaziona, na fedha zinasafirije bila kupotea njiani. Iliendeshwa pia kwenye simu ya kawaida, kwa hatua ambazo mtu angejifunza kwa wakala wa jirani. Kadiri huduma zinavyohamia kwenye simu janja na intaneti, pengo linarudi. Ripoti ya mwaka 2024 ya GSMA, chama cha kampuni za simu duniani, ilionyesha kuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati uwezekano wa mwanamke kutumia intaneti ya simu uko chini ya ule wa mwanamume kwa asilimia 15, na hiyo ni tofauti ya watu milioni 265. Bei ya simu ni sababu moja. Kusoma na kuandika ni nyingine. Na programu nyingi hazizungumzi lugha anayoota nayo mtumiaji.

Je, basi wingi wa wanawake maabara si muhimu? Ni muhimu, ila kwa sababu tofauti na ile ya mabango. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima programu tatu za kampuni kubwa zinazotambua jinsia ya mtu kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe kosa halikuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake wenye ngozi nyeusi lilifika asilimia 34.7. Buolamwini ameeleza kwamba alianza kulifuatilia jambo hilo baada ya kompyuta kushindwa kuuona uso wake mpaka alipovaa barakoa nyeupe. Wahandisi wengi wazuri walikuwa wameshika teknolojia hiyo kabla yake na hawakuliona kosa, kwa kuwa kwao mashine ilikuwa inafanya kazi. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na watu tofauti mezani: mmoja wao huumia na kasoro ambayo wengine hawawezi kuihisi. Sasa akili mnemba inapoanza kupewa kazi ya kuchambua picha za hospitali na maombi ya mikopo, kasoro za aina hiyo hazitabaki kwenye nyuso tu.

Wala tusidanganyane kwamba idadi hupanda yenyewe kadiri miaka inavyokwenda. Waandaaji sita wa kwanza wa programu za ENIAC, kompyuta ya Marekani iliyotangazwa mwaka 1946, walikuwa wanawake. Katikati ya miaka ya 1980 wanawake walikuwa karibu asilimia 37 ya waliohitimu shahada ya kwanza ya kompyuta nchini humo. Kisha kompyuta za nyumbani zikatangazwa kama kitu cha kuchezea cha wavulana, vyuo vikaanza kufundisha kana kwamba kila anayeingia darasani ameshazichezea, na idadi ikaporomoka hadi asilimia 18 hivi. Ubongo wa wasichana haukubadilika katika miaka 25.

Ningepewa nafasi ya kubadili jambo moja tu kwenye fomu za maombi ya fedha, nisingeongeza kipengele cha jinsia. Kipo tayari, na kila mwombaji anajua aya ya kunakili hapo. Ningemtaka aeleze ni nani alilileta swali, na ni nani atakayerudi mwezi mmoja, mwaka mmoja na miaka minne baada ya uzinduzi kuangalia kama jiko linawashwa. Kurudi huko ni gharama: nauli, mishahara, na ujasiri wa kuchapisha kwamba kitu hakikufanya kazi. BRAC iliajiri watu kwa kazi hiyo peke yake. Kwenye bajeti nyingi za miradi ya teknolojia ninazopata kuzisoma mstari huo haupo, na mahali pake pana gharama za ukumbi, fulana na mpiga picha.